Foleni Isiyoonekana: Kugawana Mtandao kwa Haki katika Vituo vya Afya vya Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika kituo cha afya, foleni inayoonekana ni ya watu: mama aliyebeba mtoto mwenye homa, mzee aliyefuata dawa za shinikizo la damu, kijana aliyejikata mguu kwa jembe katika shamba la mpunga. Ipo foleni ya pili isiyoonekana kwa macho, na kadiri huduma zinavyohamia kwenye kompyuta ndivyo foleni hiyo inavyoamua urefu wa ile ya kwanza. Ni foleni ya data ndani ya ruta, yaani kile kisanduku kidogo chenye taa zinazomemeta, kinachounganisha kompyuta na simu zote za kituo na mtandao wa nje. Mgonjwa anapoambiwa avute subira kwa sababu mtandao unasumbua, mara nyingi kinachomchelewesha ni foleni hiyo.

Somo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi. Hata hivyo, kanuni zake ziko karibu sana na kazi ya kila siku ya mhudumu wa afya, ambaye tangu siku ya kwanza kazini hufundishwa kwamba wingi wa watu ni jambo moja, na namna ya kuwapanga ni jambo jingine.

Bonde, milima na hatua ya mwisho

Wilaya ya Kyela iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika tambarare inayopitiwa na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone huinuka ghafla kutoka ufukweni pale Matema, na vijiji vilivyo mbele yake, kama Ikombe, hufikiwa aghalabu kwa mitumbwi na boti. Upande wa magharibi upo mpaka wa Kasumulu, njia ya kuelekea Malawi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, una tawi linalofika mpakani hapo. Mwezi Julai mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Kwa maneno mengine, bomba kubwa la data limekwisha kufika wilayani.

Ugumu uliobaki ni hatua ya mwisho, kutoka bomba kubwa hadi dirisha la mapokezi. Kituo kilicho mbali na mji wa Kyela hutegemea mnara wa simu, na mawimbi ya mnara hayapiti mlima. Kingine hutumia setelaiti, ambayo mawimbi yake hudhoofishwa na mvua kubwa. Na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, hasa kati ya Machi na Mei. Siku ya gulio, kama lile la Lyulilo karibu na Matema linalojulikana kwa vyungu vya Wakisi, watu wengi hukusanyika mahali pamoja na simu zao, na mnara mmoja hulazimika kuwahudumia wote. Kwa hiyo njia ya mwisho itabaki kuwa nyembamba kwa muda, hata baada ya fedha kutumika kuipanua.

Juu ya njia hiyo nyembamba hupita mambo yasiyolingana kwa uzito. Kadi ya bima huhakikiwa kwa mfumo kabla mgonjwa hajahudumiwa. Kumbukumbu za mgonjwa huandikwa katika GoTHOMIS. Takwimu za MTUHA hupelekwa kwenye DHIS2 siku za mwanzo wa mwezi. Maombi ya dawa hupitia eLMIS. Picha ya eksirei hutumwa kwa daktari bingwa aliye Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya milima kupitia Tukuyu. Na papo hapo, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, simu ya mfanyakazi mmoja mfukoni mwake inahifadhi video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Dalili moja, magonjwa mawili

Mhudumu wa afya anajua kwamba homa si ugonjwa bali ni dalili, na kwamba kumpa dawa ya malaria kila mwenye homa ni kosa. Mtandao unaosumbua nao ni dalili. Huenda njia imekatika kabisa: nguzo imeanguka, umeme wa mnara umekwisha, salio limeisha. Huo ni ugonjwa wa kwanza, na tiba yake ni kuirudisha njia. Ugonjwa wa pili ni tofauti kabisa. Njia ni nzima, data inapita usiku na mchana, lakini kila kitu kidogo kinachukua muda mrefu kwa sababu kimekwama nyuma ya kitu kikubwa. Anayekosea utambuzi hununua kifurushi kikubwa zaidi kwa ugonjwa wa pili, na baada ya wiki mbili anarudia malalamiko yaleyale.

Ili kuuelewa ugonjwa huo wa pili yafaa kujua ruta inafanya nini. Data haisafiri kama mkondo usiokatika. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti; nchini Tanzania neno kifurushi limekwisha kuchukuliwa na kampuni za simu kwa maana nyingine, hivyo pakiti ndilo lifaalo hapa. Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1,500. Kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka na inakokwenda, mfano wa bahasha. Pakiti zikiingia kwenye ruta kwa kasi kuliko zinavyoweza kutoka, ruta huzihifadhi kwa muda katika kumbukumbu ambayo mafundi huiita bafa, na kuzitoa moja baada ya nyingine. Bafa ikijaa, pakiti inayofuata hutupwa.

Ruta nyingi za bei nafuu zina kanuni moja tu: wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kutoka, na wa mwisho akikuta pamejaa arudi alikotoka. Inaonekana kuwa haki. Hesabu ifuatayo inaonyesha vinginevyo.

Chukulia kituo cha afya cha mfano chenye njia ya kupeleka data nje yenye uwezo wa megabiti 1 kwa sekunde, na ruta yenye bafa ya kilobaiti 250. Kilobaiti 250 ni biti 2,000,000. Bafa hiyo ikijaa, pakiti inayoingia mwishoni itasubiri sekunde 2 nzima kabla ya kutoka. Sasa chumba cha eksirei kinatuma picha ya megabaiti 10. Picha hiyo ni megabiti 80, hivyo hata ikiachiwa njia yote peke yake itachukua sekunde 80, na katika muda huo mwingi bafa itakuwa imejaa. Karani wa bima anabonyeza kitufe cha kuhakiki kadi. Ombi lake ni dogo sana, labda kilobaiti 3, ambazo zingepita kwa milisekunde 24. Lakini kabla ya kadi kuhakikiwa, kompyuta yake na ile ya mbali hupokezana ujumbe mara kadhaa: kuuliza anwani, kupeana salamu, kukubaliana namna ya kuficha siri, ndipo kuuliza swali lenyewe. Zikiwa safari 5, na kila safari inakutana na foleni ya sekunde 2, karani anangoja sekunde 10 kwa kazi iliyostahili kumalizika kufumba na kufumbua. Programu nyingi hukata tamaa kabla ya hapo na kuonyesha kwamba hakuna mtandao. Karani anabonyeza tena, na ombi la pili linaingia nyuma ya foleni ileile.

Katika kisa hiki hakuna aliyekosea. Picha ya eksirei ni muhimu, uhakiki wa kadi ni muhimu. Kilichokosekana ni mpangaji wa foleni.

Kwa nini foleni hujaa yenyewe

Swali la kawaida ni hili: kwa nini kompyuta inayotuma picha isipunguze mwendo? Jibu limo katika TCP, itifaki inayosimamia sehemu kubwa ya usafirishaji wa data duniani. Mtumaji hajui njia ina upana gani. Huanza polepole, huongeza kasi, na huendelea kuongeza hadi pakiti ipotee. Kupotea kwa pakiti ndiyo ishara yake kwamba njia imejaa. Hapo hupunguza, kisha huanza tena kuongeza. Kutokana na tabia hiyo, bafa kubwa isiyosimamiwa hujazwa daima na mtumaji mkubwa mmoja, kwa kuwa hapokei ishara yoyote hadi ijae. Kuongeza ukubwa wa bafa, jambo ambalo lilionekana kuwa busara kumbukumbu za kompyuta zilipokuwa rahisi kununua, kulirefusha tu subira ya kila mtu. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyelipigia kelele tatizo hilo kuanzia mwaka 2010 alipogundua kwamba linapatikana katika vifaa vya majumbani karibu kila mahali. Kwa Kiswahili laweza kuitwa uvimbe wa bafa, na wasomaji wa jarida la afya hawatashindwa kuona ufaao wa jina hilo.

Tabia hiyo ya kupunguza mwendo haikuwapo tangu mwanzo. Mwezi Oktoba 1986 mtandao uliounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu zilizotengana kwa mita zisizofika 400, uliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Nyaya zilikuwa nzima. Kompyuta zilikuwa zinatuma tena na tena pakiti zilizokwama kwenye foleni, na nakala hizo zikazidi kuijaza foleni, sawasawa na karani anayebonyeza kitufe mara kumi. Van Jacobson alichapisha mwaka 1988 utaratibu wa kumfanya mtumaji apunguze mwendo anapoona upotevu, na mtandao ukaokoka. Hata hivyo utaratibu huo hutegemea uungwana wa mtumaji, na hauzuii mmoja mwenye miunganisho mingi kuchukua fungu kubwa kuliko wenzake.

Haki kama hesabu

Mwaka mmoja kabla ya mporomoko huo, John Nagle alikuwa amekwisha kuandika kwamba hata ruta yenye bafa isiyo na mwisho isingeponya msongamano, kwani pakiti zingezeekea humo na kufika zikiwa hazina kazi. Pendekezo lake lilikuwa jepesi kwa namna inayostahili kusifiwa: badala ya foleni moja kwa wote, kila mtumaji awe na foleni yake, na ruta izizungukie foleni hizo kwa zamu, ikichukua pakiti moja kwa kila moja. Anayejaza foleni yake anajichelewesha mwenyewe. Anayetuma kidogo anakuta foleni yake tupu na zamu yake iko karibu.

Udhaifu mmoja ulionekana mapema. Mwenye pakiti kubwa angepata zaidi kuliko mwenye pakiti ndogo, ingawa zamu ni sawa, kama wachota maji wawili wanaopeana zamu kisimani, mmoja ana ndoo na mwingine kopo. Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker walirekebisha hilo mwaka 1989 kwa kuhesabu biti badala ya pakiti. Njia yao ilihitaji hesabu nyingi. Mwaka 1995 M. Shreedhar na George Varghese walitoa njia nyepesi inayofaa vifaa vidogo: kila foleni hupewa kila zamu posho ya baiti kadhaa, isiyoweza kuitumia yote kwa sababu pakiti yake ni kubwa kuliko posho huiweka akiba hadi zamu ijayo. Karibu kila ruta inayogawa kwa haki leo ina chembe ya wazo hilo.

Haki inayokusudiwa hapa ina maana maalumu, na mfano wa hesabu huieleza kuliko maneno. Njia ina kilobiti 1,000 kwa sekunde. Watumiaji ni wanne: dirisha la bima linahitaji 50, duka la dawa 100, ofisi ya takwimu 600, chumba cha eksirei 800. Jumla ya mahitaji ni 1,550, hivyo haiwezekani kumtosheleza kila mmoja. Mgawo sawa ungekuwa 250 kila mmoja. Bima inahitaji 50 tu, inapewa 50 na kuacha 200. Duka la dawa linapewa 100 na kuacha 150. Zinabaki 850, ambazo takwimu na eksirei hugawana kwa usawa, 425 kila mmoja. Wenye haja ndogo wametoshelezwa kabisa, wenye haja kubwa wamegawana salio, na hakuna hata biti moja iliyopotea kwa kutengewa mtu asiyeihitaji. Hapo ndipo kanuni hii inapoishinda ile ya kumkatia kila chumba kiasi maalumu, ambayo bado hutumika mahali pengi: chumba kilichotengewa 250 hunyimwa ziada hata usiku wa manane wakati njia yote ni tupu.

Turudi, kwa kufuata mfano ule wa kwanza, kwenye dirisha la bima. Wakiwa na foleni zao, watumaji wakubwa hata wakiwa 5, ombi la karani litasubiri kwa kadiri pakiti moja ya kila mmoja wao. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 12 kwenye njia ya megabiti 1. Mara 5 ni milisekunde 60. Kwa safari 5 ni milisekunde 300, ukiacha muda wa kawaida wa kwenda na kurudi. Picha ya eksirei nayo haikuchelewa kwa kiasi cha kuhisiwa, kwa kuwa kilobaiti 3 ndani ya megabaiti 10 si kitu.

Kutupa ili kuponya

Foleni nyingi kwa zamu huondoa dhuluma kati ya watumaji, lakini foleni ya mtumaji mmoja yaweza bado kuvimba. Daktari anayezungumza kwa video na bingwa wa Mbeya hafaidiki ikiwa video yake mwenyewe inasubiri sekunde 2 ndani ya foleni yake. Inahitajika njia ya kumwambia mtumaji mapema apunguze mwendo.

Sally Floyd na Van Jacobson walipendekeza mwaka 1993 kwamba ruta ianze kutupa pakiti chache kwa bahati nasibu kabla bafa haijajaa, kwa kuangalia wastani wa urefu wa foleni. Wazo lao, lililoitwa RED, lilikuwa zuri, lakini viwango vyake vilikuwa vigumu kuviweka na mafundi wengi waliuzima. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walikuja na CoDel, ambayo haipimi urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imekaa ndani yake. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Foleni ya watu 20 kwenye dirisha lenye makarani wanne si sawa na foleni ya watu 20 kwa karani mmoja; kinachomuumiza anayesubiri ni dakika. CoDel huruhusu foleni fupi za ghafla, maana hizo ni za kawaida na hupita. Lakini subira ikibaki juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, huanza kutupa pakiti, moja kwanza, kisha kwa kasi inayoongezeka hadi mtumaji asikie. Palipo na vifaa vinavyoelewana, pakiti hutiwa alama badala ya kutupwa.

Kwa vituo vyenye njia nyembamba lipo angalizo ambalo miongozo mingi ya haraka hulisahau. Ikiwa pakiti moja huchukua milisekunde 12 kupita, lengo la milisekunde 5 haliwezi kufikiwa kamwe, na CoDel itatupa pakiti bila sababu. Kwenye njia ya megabiti 1 lengo linapaswa kupandishwa hadi angalau muda wa pakiti moja kubwa. Milisekunde 15 zinafaa. Kinachofaa jiji lenye mkongo kila mtaa si lazima kifae Ipinda.

Mawazo hayo mawili, zamu kwa kila foleni na kutupa kwa kupima muda, yaliunganishwa katika FQ-CoDel, iliyoingizwa kwenye mfumo wa Linux mwaka 2012 na kuandikwa kama waraka rasmi wa mtandao mwaka 2018. Huweka foleni 1,024 na kuitanguliza kidogo foleni iliyoanza kutuma hivi punde, ndiyo maana maombi madogo hupita kama vile hakuna msongamano. Programu huria ya OpenWrt, inayoweza kusimikwa kwenye ruta nyingi za bei nafuu, inayo. Inayo pia CAKE, ya mwaka 2018, ambayo hutatua jambo moja zaidi. FQ-CoDel hugawa kwa haki kati ya miunganisho, si kati ya watu. Kompyuta inayopakua faili kwa miunganisho 20 hupata mafungu 20. CAKE hugawa kwanza kati ya vifaa, ndipo miunganisho ya kifaa kimoja igawane fungu la kifaa hicho. Katika kituo ambamo simu 15 na kompyuta 4 zinatumia njia moja, hiyo ndiyo haki iliyo karibu na ile ambayo watu wangeiafiki wakikaa kikao.

Je, si afadhali kutanguliza dharura?

Mhudumu wa afya atauliza, na ni haki yake, kwa nini pasiwe na utaratibu kama ule wa mapokezi ya dharura, ambamo mwenye rangi nyekundu huhudumiwa kabla ya mwenye kijani bila kujali nani alitangulia. Mtandao unao utaratibu wa aina hiyo: pakiti yaweza kubebeshwa alama ya daraja lake. Tatizo ni nani anayeitia alama. Katika mapokezi, rangi hutolewa na muuguzi aliyefunzwa baada ya kumpima mgonjwa. Mtandaoni alama hutiwa na mtumaji mwenyewe, na programu ya mchezo yaweza kujipa nyekundu. Pia, utaratibu wa kutanguliza usio na kikomo huweza kuwafisha njaa walio chini: mazungumzo ya video yakitangulizwa daima, ripoti ya takwimu haitaondoka mchana kutwa.

Kwa hiyo yafaa haki iwe msingi na utangulizi uwe nyongeza ndogo yenye mipaka. Sauti na video ya ushauri wa daktari zaweza kupewa daraja la juu kwa anwani ya kifaa kinachojulikana, na zisizidi, tuseme, robo ya njia. Mengine yaachiwe zamu. Mfano wa mapokezi unakoma hapo, kwa sababu pakiti iliyotupwa hutumwa tena, na mgonjwa si pakiti.

Mahali pa kuiweka, na namna ya kupima

Mpangaji wa foleni hufaa kitu pale tu foleni inapojikusanya. Ruta ya kituo ikiweza kutoa megabiti 100 kwa sekunde kuelekea modemu, na modemu ikaweza kutoa 1 tu kuelekea mnara, foleni itakuwa ndani ya modemu, isiyojua lolote kuhusu haki. Dawa ni kuiamuru ruta itoe kwa kasi ndogo kidogo kuliko ya njia, kati ya asilimia 85 na 95, ili foleni ihamie ndani ya ruta inakoweza kusimamiwa. Kuacha asilimia 10 ya njia huwashtua wengi walioilipia. Ni bei ndogo kwa kubadili sekunde 10 za dirisha la bima kuwa chini ya sekunde moja. Njia ya simu hubadilika kasi mchana na usiku, basi kipimo kichukuliwe saa za msongamano, si alfajiri. Vinginevyo ruta itatoa zaidi ya njia inavyobeba na foleni itarudi kwenye modemu.

Utambuzi wenyewe hauhitaji mtaalamu kutoka mbali. Kompyuta yoyote inaweza kutuma pingi, ujumbe mdogo unaopima muda wa kwenda na kurudi. Kipimo cha kwanza kifanyike wakati hakuna anayetumia mtandao. Cha pili kifanyike huku faili kubwa ikitumwa kutoka kompyuta nyingine. Namba zikiwa milisekunde 80 na 110, foleni si ugonjwa, na malalamiko yatafutiwe sababu nyingine. Zikiwa 80 na 2,000, ugonjwa umejulikana. Ikiwa hata kipimo cha kwanza hakijibiwi, njia imekatika na ruta haina hatia. Baada ya kuweka mpangaji, vipimo virudiwe na viandikwe daftarini pamoja na tarehe, kama inavyofanywa kwa joto la jokofu la chanjo.

Wagonjwa huweza kuwa na hofu ya haki: je, kisanduku kinachopanga foleni kinasoma majibu ya vipimo vyao? Hakisomi. Mpangaji huangalia anwani zilizo nje ya bahasha na saa ambayo bahasha iliingia. Yaliyomo hubaki yamefichwa kati ya kompyuta ya kituo na ile ya mbali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaendelea kuwabana wote wanaozishika taarifa hizo. Kituo kinachotaka kujua ni tovuti gani wafanyakazi wanatembelea kinatafuta jambo jingine, na hakipaswi kulifanya kwa kisingizio cha ugawaji wa haki.

Kuna mambo ambayo foleni nzuri haiyawezi. Haiongezi upana wa njia. Kituo chenye watumishi 40 kwenye njia ya kilobiti 256 kitaendelea kuteseka, ila kwa usawa. Haipigani na mvua. Masika yanapofunga barabara za bondeni na mawimbi ya setelaiti kudhoofika, daftari la karatasi la MTUHA lililojazwa kila siku ndilo litakaloonyesha nani alitibiwa na kwa dawa gani, na data zake zitaingizwa kwenye mfumo usiku ambao njia itakuwa imefunguka, zikipita kwa zamu yake nyuma ya ombi lolote dogo la wodi ya wazazi.